Kaburi la Kuazima

Daktari Jelagat alikitafuta kwa kidole kile kishimo kilicho chini ya koo, pale mifupa ya mabega inapokaribia kukutana, asikipate. Kilikuwa kimefunikwa. Shingo yote ya Nakaale, kuanzia kwenye taya hadi mabegani, ilikuwa shanga tupu: nyekundu, za bluu, na nyeupe zilizogeuka kahawia kwa mafuta, tabaka juu ya tabaka. Chini yake kabisa palikuwa na alagama, ile pete ya chuma ambayo mwanamke wa Kiturkana huvishwa shingoni anapoolewa. Daktari akaurudisha mkono wake, akamgeukia Akai, binti wa mgonjwa.

"Hapa ndipo nitakapopasua," alisema. "Kidogo tu, kama urefu wa kidole gumba. Halafu naingiza bomba jembamba lenye taa, linapita nyuma ya mfupa wa kifua mpaka kwenye yale matezi yaliyovimba. Nachukua vipande vidogo kama punje za mtama, natoka, nashona. Vipande vinaenda Eldoret kupimwa, nasi tunajua ugonjwa ni upi. Lakini hizi shanga lazima zitoke."

Akai akamtafsiria mamake kwa Kiturkana, neno kwa neno, kwa uaminifu wote, ila alipofika kwenye shanga akakohoa kidogo na kunyamaza. Kazi bure. Nakaale alikuwa ameuza mbuzi sokoni maisha yake yote, na neno shanga alilijua kwa Kiswahili, kwa Kisomali na kwa lugha ya mwenye kutaka kuziiba.

"Hapana," akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni na kwa sauti iliyokwaruza. "Hii shanga haitoki, daktari. Wewe kata hapa chini. Ama kata mgongo. Mimi iko na mgongo mkubwa."

Daktari Jelagat alicheka, kisha akaeleza kwa upole. Kupitia mbavuni ni upasuaji mkubwa, na mwili ule uliokonda hauwezi kuuvumilia. Sindano haifiki. Shanga haziwezi kusukumwa juu, kwa sababu kichwa lazima kilazwe nyuma na shingo ioshwe dawa yote. Nakaale alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, akashuka kitandani na kutafuta viatu vyake.

Hapa yafaa nimweleze asiyekulia Turkana, asije akamwona Nakaale kuwa mkaidi tu. Ukaidi alikuwa nao, wa kumtosha yeye na wa kuwagawia majirani, lakini hili lilikuwa jambo jingine. Shanga za mke wa mtu hazivuliwi. Mwanamke hulala nazo, hujifungua nazo, huzipaka mafuta zikiwa pale pale shingoni. Uzi ukikatika huchomolewa huo mmoja, ukarudishwa mwingine. Shingo ikibaki tupu, kila anayemwona anajua bila kuuliza kwamba mumewe amekufa.

Na mume wa Nakaale hakuwa amekufa. Tuseme hakuna aliyekuwa amemwona akifa. Lomorukai aliondoka Kaaleng mwaka wa ukame mkali, Akai akiwa bado msichana, akawapeleka ngamia kusini kutafuta majani kando ya mto Turkwel. Karibu na Kainuk wakavamiwa na wezi wa mifugo. Wenzake wawili walirudi nyumbani kwa miguu, bila mifugo, na hawakuweza kusema lolote juu yake ila kwamba walimwona mara ya mwisho akikimbilia milimani nyuma ya ngamia wake. Maiti haikupatikana. Lotiir, mdogo wake, alikuja na wazee kumwomba Nakaale afanye matanga. Mara ya kwanza akawapa chai. Mara ya pili akawafukuza kwa fimbo. "Nileteeni hata kiatu chake," aliwaambia. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Nakaale. Nyumbani kwake asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na vyote: kigoda chake mahali pake, tumbaku yake juani, na mke wake na shanga zake.

Kikohozi kilianza mwaka uliotangulia. Zahanati ikampa dawa za kifua kikuu, maana huku mtu akikohoa kwa muda hukisiwa hivyo, na mara nyingi wanapatia. Nakaale alizimeza zote kwa utiifu uliomshangaza kila mtu. Zikaisha, kikohozi kikabaki. Akakonda, akawa akiamka amelowa jasho, na ile sauti iliyokuwa ikiwaita mbuzi kutoka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, ikakwama kooni. Akai, aliyekuwa akifanya kazi Kakuma, akaenda kumchukua na kumleta Lodwar, wakafikia kwa binamu mmoja mtaani Nawoitorong. Walipompiga picha ya kifua hospitalini, alagama iling'aa kwa juu hata ikaficha nusu ya mambo, lakini nyuma ya mfupa wa kifua madaktari waliyaona mavimbe.

"Niko hapa mpaka Ijumaa," Daktari Jelagat alimwambia Akai walipobaki peke yao ukumbini. "Nikiondoka wiki hii, sirudi Lodwar karibu miezi mitatu. Na kwa nilivyoona kwenye picha, dada, sitaki kukudanganya. Sijui kama mama anayo hiyo miezi."

Akai alimsihi mamake siku nzima. Akambembeleza, akamkaripia, akalia. Nakaale alimsikiliza akiwa ameketi mlangoni, amekunja miguu yake mirefu.

"Nikizivua nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu," alisema mwishowe. "Kesho akifika atakuta mjane. Nitamwambia nini?"

Kesho yake asubuhi Akai akaenda Kakuma kumwomba tajiri wake siku zaidi. Huyo alikuwa Zéphyrin, fundi wa nguo aliyetoka Kongo, mwenye cherehani tatu katika soko la kambi ya wakimbizi na moyo wa huruma uliokuwa ukimharibia biashara. Akampa ruhusa hata kabla hajamaliza kuomba, kisha akamuuliza kisa. Akai akamwambia chote, na Zéphyrin akatikisa kichwa huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Kwetu, mutu akipotea mu vita, hatungojee maiti," alisema. "Tutangoja mupaka wapi? Tunatafuta mutu mumoja mwenye aliona. Akisema 'nilimuona, nilimuzika,' basi, kilio kinaanza, roho inapumuzika."

"Na kama hakuna aliyeona?"

Zéphyrin akakata uzi kwa meno. "Aah, dada. Mutu mwenye aliona hakosekane."

Aliyasema kwa nia njema kabisa, na sidhani kama mpaka leo anajua alichokipanda. Akai alitoka pale akaenda moja kwa moja hadi upande wa pili wa soko, kwa Emuron muuza makaa. Emuron alikuwa mtu wa kusini, alichunga mifugo ujanani mwake huko Kainuk, na Nakaale hakuwahi kumtia machoni. Akai akachuchumaa kando ya magunia yake, akamwambia anachotaka. Emuron alijipangusa vidole vyeusi ambavyo havikuwa vikipanguka.

"Kusema umemzika mtu ambaye hujamzika ni kumchimbia," alisema.

"Alishakufa, Emuron. Ni mama tu asiyejua."

"Na akirudi?"

"Akirudi nitampigia magoti kumwomba msamaha. Lakini atamkuta mke wake yu hai."

Huenda angekataa. Lakini mke wa Emuron mwenyewe alikuwa amekufa akikohoa, na hakuna aliyewahi kumwambia ulikuwa ugonjwa gani, na jambo hilo lilikuwa bado linamla. Akafunga magunia yake kwa kamba. "Nitasema mara moja tu," alisema. "Usije ukaniita tena."

Njiani kurudi Lodwar wakamuua Lomorukai pamoja. Walimuua kwa makini, kitu kimoja baada ya kingine: risasi ubavuni, kivuli cha mgunga, wachungaji waliomkuta jioni akiwa bado anapumua, maji aliyoomba, mawe waliyomfunika. Akai alitaka iwe risasi moja, asiteseke sana. Emuron alisema mtu wa risasi moja hasemi mengi, kwa hiyo maneno ya mwisho yawe machache. Akai akakubali. Alikuwa akiyapanga hayo yote kwa akili kavu kabisa, kama mtu anayepima kitambaa, na wala hakuona ajabu.

Nakaale alimpokea mgeni kwa heshima. "Ejok," akamwambia, na Emuron akajibu, "Ejok noi," akaketi juu ya kigoda alichopewa, akaanza kusema huku akiangalia mchanga. Alisema vizuri. Yule mama hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Nakaale akauliza swali ambalo hawakulipanga.

"Mlimlaza ameelekea wapi?"

"Kaskazini," Emuron alisema. "Alisema kwao ni Kaaleng."

"Na mimi? Hakunisema?"

Emuron akamtupia Akai jicho. "Alisema tusiharakishe kukuletea habari," mzee yule akajibu taratibu. "Alisema utatufukuza kwa fimbo."

Nakaale akacheka. Lilikuwa cheko fupi la koo bovu, na kabla halijaisha likageuka kilio. Alilia akimwita mumewe kwa jina la fahali wake, jina ambalo mke huliita wakiwa wawili tu, na Akai, aliyekuwa ameupata ushindi wake, akajikuta hawezi kumtazama.

Shanga zilichukua alasiri yote. Nakaale hakutaka wembe. Alitaka zifunguliwe uzi kwa uzi, fundo kwa fundo, na mafundo yalikuwa yameganda kwa mafuta ya miaka. Nyuzi nyingine zilikatika zenyewe, shanga zikamwagika mchangani, naye akasema ziachwe. Alagama ilipanuliwa na Emuron kwa mikono yake miwili. Chini yake ngozi ilikuwa laini na yenye rangi iliyofifia, kama ya mtoto mchanga, na kwenye kishimo cha koo palionekana kivimbe kidogo kikipanda na kushuka na pumzi. Akai, mwanamke mzima, hakuwa amewahi kuiona shingo ya mamake. Alitaka kuifunika kwa kitambaa. Badala yake akachukua maji na wembe, akamnyoa nywele kama ilivyompasa mjane.

Lotiir akafika kutoka Kaaleng siku iliyofuata. Huyu ndiye aliyekuwa akisema kila mwaka kwamba kaka yake amekufa na ujinga wa shemeji yake unawachelewesha watu. Sasa alipoambiwa kwamba ni kweli, alikaa chini penye jua, akalia kwa kwikwi na makamasi kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Akai akamletea maji. Lotiir akamshukuru, akambariki kwa kumpata yule shahidi, na kila neno la baraka lilimchoma.

Alhamisi Nakaale akaingia chumba cha upasuaji. Alitembea kwa miguu yake, kichwa na shingo vikiwa tupu, na wauguzi waliomwona Jumatatu hawakumtambua mara moja. Akai alingoja nje kwenye benchi. Aliomba Mungu wa kanisani kwa maneno aliyoyajua, kisha akaishiwa na maneno akabaki kusema tafadhali. Alikuwa na hakika ya jambo moja, nalo lilimtia nguvu: kosa lake lilikuwa limelipiwa tayari, maana mlango umefunguka, na kilicho ndani kitaonekana na kutibiwa. Mtu akitaka sana kitu huamini kwamba amekinunua.

Daktari Jelagat alitoka akiwa ameshusha barakoa. "Imekwenda vizuri. Karibu na mshipa mkubwa nilikwenda polepole sana, lakini hakuna damu iliyotusumbua. Vipande nimepata vya kutosha."

Nakaale alipozinduka, jambo la kwanza aliloomba ni kuviona. Alikuwa amewapasua mbuzi wengi maishani, alisema, na haiwezekani yeye atolewe kitu ndani asikione. Daktari, ambaye hakuwa amewahi kuombwa hivyo, akaleta kichupa chenye dawa. Ndani yake vilielea vipande vya rangi ya kijivu na waridi, vidogo hata ukipepesa macho huvioni. Nakaale akavitazama sana.

"Ni hivi tu?" alimuuliza binti yake kwa Kiturkana. "Nimevua shanga zangu kwa hivi?"

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

"Anashukuru," Akai akasema.

Majibu yalikawia. Kidonda cha kooni kilipona, kikaacha mstari mwembamba. Nakaale alikaa matangani kule Nawoitorong, akipokea watu, akila kidogo. Alikuwa mtulivu kuliko Akai alivyowahi kumwona. Hakuangalia tena barabara. Miaka yote ile, popote alipoketi, aliketi akielekea upande mtu anakotokea. Sasa aliketi hata akiipa barabara mgongo, na Akai hakujua kama afurahi ama aogope.

Simu ya Daktari Jelagat ilipokuja, Akai alikuwa anaanika nguo. Daktari alimwomba akae chini kwanza. Haikuwa kifua kikuu. Ilikuwa saratani, iliyoanzia kwenye pafu na kuingia matezi ya pande zote mbili, na vipande vyote alivyovitoa vilikuwa nayo. Upasuaji wa kuiondoa haupo. Kuna dawa za kuipunguza kasi, huko Eldoret, wakitaka. Zingeongeza muda, pengine. Akai aliuliza kama wangekuja mapema ingekuwaje. Daktari akasema swali hilo asijiulize. La kuvunda halina ubani, na daktari mwema hulijua hilo bila methali.

Akamwambia mamake kweli yote ya ugonjwa, kwa sababu uongo ulikuwa umemchosha. Nakaale alisikiliza.

"Kwa hiyo dawa ya kuniponya haipo."

"Haipo, mama. Kuna ya kusogeza siku."

"Siku nilizisogeza za kutosha," Nakaale alisema. "Wewe umenitafutia mambo mawili. Umenijulisha ninachokufa nacho, na umenijulisha mume wangu alipo. Mtoto gani angefanya zaidi? Sasa nipeleke kwake. Yule mzee wa makaa anapajua mahali."

Akai alifungua kinywa kusema. Naapa alikifungua. Lakini alimwona mamake akimtazama kwa shukrani, ile shingo iliyonyauka ikiwa wazi, akaona kwamba kusema sasa ni kumvua tena mwanamke ambaye hana kingine cha kuvuliwa. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yake ilikuwa imebakiza mwendo wa kufika Kainuk.

Emuron alikuja kwa shingo upande. "Nilikuambia mara moja," alimnong'oneza.

"Kuna mawe mengi kule," Akai alimjibu. "Chagua."

Akachagua. Walishuka kabla ya kufika Kainuk, wakaacha lami, wakatembea taratibu kuelekea mtoni, Nakaale akishika fimbo mkono mmoja na bega la binti yake mkono wa pili. Emuron alitangulia. Chini ya mgunga palikuwa na rundo refu la mawe, limepangwa vizuri, likielekea kaskazini au karibu na kaskazini. Alisimama hapo, akavua kofia yake, na akasema, "Ni hapa," kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo uliomzidi.

Nakaale akawaambia wasogee mbali. Hawakusogea mbali vya kutosha. Akai alimwona akiketi kwenye mchanga, akitoa tumbaku na kuiweka kati ya mawe, kisha akaanza kumgombeza mumewe.

"Kumbe ulikuwa umelala hapa," alisema. "Mimi napika, naweka chako, asubuhi nawapa mbwa, na wewe umelala kivulini. Ngamia yule mweupe alikufa, usiniulize. Akai anajua kushona kwa mashine. Lotiir ameota kitambi. Walitaka nikulilie nikakataa, nikasema Lomorukai ninamjua mimi, atakuja tu, anakawia kwa sababu ya maneno mengi kwenye visima. Nimezeeka nikikungoja. Hata aibu huna?" Akapiga jiwe moja kwa kiganja, si kwa nguvu. Kisha akalia, akanyamaza, akaegemeza kichwa chake kilichonyolewa kwenye yale mawe, akasinzia.

Emuron aligeuka akaenda kusimama mtoni. Akai alibaki. Alikuwa na uchungu, na ndani ya uchungu huo, kwa aibu yake, palikuwa na wivu: mamake alikuwa amepata mtu wa kumgombeza.

Jua lilipopinda Nakaale akaamka, akamwita. "Mtanilaza hapa," alisema. "Upande huu, asije akaondoka tena bila mimi kujua."

"Ndiyo, mama."

Alikufa kabla ya mvua, mchana, katika nyumba ya Nawoitorong, akiwa amelalia ubavu, Akai akimpepea. Lotiir alitaka azikwe Kaaleng kwa watu wake. Akai akamwambia alivyoagiza mwenyewe, na Lotiir akafikiri, akafuta macho kwa kiwiko, akasema basi, alale na kaka yangu. Wakamsafirisha mpaka Kainuk, wakamlaza kando ya lile rundo na kumpangia mawe yake. Lotiir akaweka tumbaku kwenye makaburi yote mawili, akazungumza na lile la zamani kwa muda mrefu. Emuron hakuja. Alituma salamu kwamba ana tanuri la makaa linalowaka na hawezi kuliacha.

Mvua zilipopita, Akai aliomba siku moja kwa Zéphyrin, akashuka peke yake kwenda kuongeza mawe. Alimkuta mwanamke chini ya mgunga. Alikuwa mzee wa umri wa mamake, shingo tupu, na alikuwa anamwaga maziwa kutoka kwenye kibuyu juu ya rundo la zamani, kidogo kidogo, kwa mkono uliozoea.

Wakasalimiana. Mwanamke akasema anaitwa Namuar, nyumbani kwake ni pale ng'ambo ya mto, na alikuwa amehamia milimani na mbuzi tangu kiangazi. Akalielekezea kidevu kaburi jipya.

"Nimerudi nikakuta huyu," alisema. "Unajua ni nani aliyemlaza mtu wake kando ya mwanangu?"

Akai akakaa pale pale alipokuwa. Kisha akasema. Hakupanga maneno. Alianza na hospitali, na kile kishimo cha kooni, na bomba lenye taa, na vile vipande vilivyoelea kwenye kichupa. Akasema jinsi shanga zilivyofunguliwa, na nani aliyezifanya zifunguliwe. Namuar aliendelea kumimina. Maziwa yalipoisha kibuyuni akakifunika, akakiweka kando.

"Mwanangu ni Lokwawi," alisema. "Alipigwa risasi hapo mtoni. Hakuwa ameoa." Akafikiri. "Mamako alilia hapa?"

"Alilia. Alimgombeza pia."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kukawia."

Namuar akatikisa kichwa polepole. "Na mimi humgombeza hivyo hivyo," alisema. Akainuka kwa shida, akalizunguka kaburi la Nakaale akilitazama, akainama na kurudisha jiwe moja lililokuwa limeporomoka. "Mwache. Alikuwa amechoka, amefika. Sitamfukuza mwanamke aliyemlilia mwanangu. Watu waliomlilia ni wachache."

Namuar akarudi kuketi, akanyoosha miguu, akamuuliza kama mtu anavyomuuliza mgeni habari za kwao:

"Na babako mwenyewe, alikufaje?"

Maneno yalikuwa tayari. Risasi ubavuni, kivuli cha mgunga, jioni, maji aliyoomba: yalimjia mdomoni kwa mpango wake, kama alivyoyapanga. Akayasikia yakija, akayazuia.

"Sijui," alisema. "Alikwenda na ngamia, hakurudi. Hatujui."

Hakuwa amewahi kulisema hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo akalia. Hakumlilia mamake, huyo alikuwa ameshamlilia. Alimlilia babake, aliyempangia kifo chote, mpaka maji ya mwisho, bila kudondosha hata chozi moja.